Jino na Shilamu: Uchakavu wa Kiko Nchini Uingereza kama Ushahidi wa Kihistoria

Ulinzi wa shilamu, yaani mrija wa kiko unaotiwa kinywani, huelezwa kana kwamba jino ndilo mchokozi. Kwa karne kadhaa hali ilikuwa kinyume. Kiko cha udongo mweupe, kilichoenea Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 16, kilikuwa na shilamu kavu yenye kukwaruza kama msasa. Aliyekibana mahali pamoja kwa miaka mingi alilika meno. Mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya Whitechapel, London, yaliyotumika kati ya 1843 na 1854, ina mapengo ya mviringo kwenye meno yanayolingana na shilamu hizo. Mafundi walipaka ncha nta, lakini kwa ajili ya midomo, isigandane na udongo. Jino halikuwa na mtetezi.

Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hataza ya kupika mpira kwa salfa. Mpira mgumu uliozaliwa na ujuzi huo uligeuza uhusiano: sasa jino lilibonyeza shilamu, na vikabuniwa vifuniko laini vya kuivisha ncha. Mpira huo una tabia ya pekee. Ukipashwa moto hurudia umbo lake, na alama za meno hufifia. Kwa mvutaji hiyo ni tiba. Kwa makumbusho ni hasara, kwa kuwa alama hizo pengine ndizo kumbukumbu pekee ya mmiliki asiyeandikwa popote. Sera za uhifadhi hazina budi kudai picha na vipimo kabla ya ukarabati wowote.