Nani Alibaki Kulima? Waha, Mkonge na Ushairi wa Safari

Katika shairi lake "Ulysses", lililochapishwa mwaka 1842, Alfred Tennyson anamchora mfalme mzee aliyechoshwa na kisiwa chake; anamwachia mwanawe Telemachus utawala na kurudi baharini. Karne tano kabla, Dante alimfanya shujaa huyohuyo akiri kwamba mapenzi ya mwana, baba na mke hayakutosha kumzuia. Washairi wote wawili wanachukulia kuwa anayesafiri huutupa wajibu. Historia ya Waha wa Kasulu na Kibondo, magharibi mwa Tanzania, inakataa mgawanyo huo, kwa sababu huko wajibu wenyewe ndio uliowatoa watu nyumbani.

Falme za Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, zilishikamana kwa mafungamano mengi. Mwami alitawala, mteko alisimamia ardhi na matambiko yake, na ng'ombe wa ubugabire alimfunga aliyepewa kwa aliyempa. Serikali ya Waingereza ilipodai kodi kwa fedha taslimu, mzigo uliongezeka mahali ambapo mazao ya kuuza yalikuwa machache na soko lilikuwa mbali. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, nao mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulitaka wakataji huko Tanga na Morogoro. Tangu mwaka 1944, SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliendesha kazi ya kuwaandikisha na kuwasafirisha vibarua. Kijana wa Buha, nchi ya Waha, akapanda treni, akawa kibarua wa mkataba aliyeitwa manamba, na siku zake za kazi zikahesabiwa kwenye kadi iliyoitwa kipande. Alichokifuata kilikuwa fedha ya kodi na ya mahari, yaani madeni ya nyumbani.

Itasemwa kwamba kodi haielezi yote: wapo waliotamani nguo mpya, waliotaka kuiona pwani, na waliokimbia amri za wazee. Ni kweli, na wengine hawakurudi kabisa. Lakini hata tamaa hiyo mara nyingi ilipimwa kwa macho ya nyumbani, kwani heshima ya nguo ilipatikana mbele ya waliomjua mvaaji kabla hajaondoka. Naye asiyerudi hakuufuta wajibu. Aliuhamishia kwa mkewe, wazazi au ndugu, ambao jembe na mashamba ya maharage na mahindi viliwasubiri vilevile.

Mwingine atasema ushairi hauna kazi ya kukagua kodi, bali kusema na roho. Hata hivyo, Tennyson mwenyewe anajua kwamba lazima mtu abaki. Ndiyo maana anamtaja Telemachus, lakini hampi sauti, na mke anapita kwa neno moja tu la uzee wake. Kwetu, mnamo mwaka 1858, mshairi wa Kiswahili Mwana Kupona aliuweka utenzi mzima katika kinywa cha mama anayemuusia bintiye, akionyesha kwamba maisha ya nyumbani nayo yanabeba ushairi mkubwa. Historia ya Buha inatuongoza tusome tenzi za safari kwa kipimo hicho: hamu ya kwenda ni ya binadamu wote, ila anayeiimba bila kumtaja aliyebaki kulima amesimulia nusu tu ya safari.