Mandvi: Kasri la mfalme na karakana ya majahazi

MGENI anayezuru Mandvi, mji wa bandari katika eneo la Kutch, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, kwa kawaida hutaka kwanza kuliona Kasri la Vijay Vilas. Jengo hilo la mawe mekundu lilikamilika mwaka wa 1929, enzi ya Rao Khengarji wa Tatu, mtawala wa Kutch, liwe makao ya mwanawe Vijayaraji wakati wa joto. Wageni hulipa kiingilio, hutazama samani na picha za ukoo wa kifalme, kisha hupanda darini kuiona bahari.

Hata hivyo, anayeishia hapo huwa ameona nusu tu ya historia. Mji huu ulianzishwa na Rao Khengarji wa Kwanza katika karne ya 16, na jina lake lina maana ya forodha. Ushuru wa bandari ndio ulioijaza hazina ya watawala.

Kaskazi ilipovuma, majahazi yalisheheni nguo za pamba na kuelekea Zanzibar na bandari nyingine za Afrika Mashariki. Kusi iliyarejesha yakiwa na pembe za ndovu na karafuu. Wafanyabiashara wa Kutch walipata nguvu kubwa Zanzibar. Mmoja wao, Ladha Damji, alisimamia forodha ya Sultani katika karne ya 19. Lakini utajiri huo ulikuwa na doa. Mnamo 1860 balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo, Rigby, aliwaachilia huru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi.

Nusu ya pili ya historia iko kando ya Mto Rukmavati. Huko mafundi wangali wanaunda vyombo vya mbao, na kimoja huweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Kasri hudumu kwa viingilio. Ufundi huu haudumu ila kwa wateja, nao wamepungua tangu meli za chuma zilipotwaa shehena.

Mandvi uko umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Bhuj, uliokuwa mji mkuu wa Kutch, ambako majumba ya kifalme yaliharibiwa na tetemeko la Januari 26, 2001. Majira mazuri ya kuzuru ni Novemba hadi Februari. Ni vyema mgeni aanzie mtoni, ndipo aende kwenye kasri.