Neno na Nanga Yake: Historia Fupi ya Maneno ya Maelekezo katika Karatasi za Muziki

Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002, kwaya moja huweza kuwakusanya waimbaji Wairaqw, Wagorowa, Wambugwe na Warangi. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, na karatasi ya wimbo inayogawiwa siku ya mazoezi ndiyo mwongozo wa wote. Katika mazoezi ya kwaya moja mjini humo niliona karatasi iliyochapwa kwa kompyuta ambayo neno "polepole" lilikaa juu ya kipimo kisichokuwa chake. Sauti ya kwanza na ya pili wakapunguza mwendo. Besi, waliokuwa na nakala ya zamani ya mkono, wakaendelea kama kawaida. Wimbo ukavurugika. Mwalimu alipomwita mchapaji alimwambia tu, "Lisogeze kidogo." Mchapaji akauliza, "Lisogee mpaka wapi, Mwalimu?" Makala haya yanakusudia kueleza asili ya swali hilo na kupendekeza istilahi za kulijibu.

Yafaa ikumbukwe kwamba tatizo hili halikuzaliwa na kompyuta. Ottaviano Petrucci, aliyechapa kitabu chake maarufu cha muziki mjini Venice mwaka 1501, alilazimika kupitisha karatasi ile ile mashineni zaidi ya mara moja: mistari mbali, nota mbali, maneno mbali. Karatasi ikisogea kidogo tu, neno huachana na nota yake. Mnamo mwaka 1528 Pierre Attaingnant wa Paris alikuwa akichapa nota na mistari kwa pigo moja. Kazi ilirahisishwa, lakini kupanga maneno kulibaki kazi ya jicho na mkono wa fundi.

Huku kwetu muziki wa kwaya ulienea zaidi kwa njia nyingine, yaani nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo ulianzishwa Uingereza na Sarah Glover wa Norwich, aliyeutangaza kitabuni mwaka 1835. John Curwen aliurekebisha na kuueneza kuanzia miaka ya 1840, nao wamisionari wakauleta Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitumia nota hizo hizo kuandika wimbo alioutunga mwaka 1897, ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wetu wa Taifa.

Katika mfumo huo mpangilio wa wima ndio wakati wenyewe. Nukta mbili hutenga mapigo, kistari huonyesha kuendelea kwa sauti, na herufi zilizo katika safu moja, tangu sauti ya kwanza hadi besi, huimbwa kwa pamoja. Taipureta iliutumikia mfumo huu vizuri sana, kwa kuwa kila herufi ya mashine hiyo ya kawaida huchukua nafasi sawa: "i" hulingana na "m" kwa upana. Mwalimu aliyepiga stensili aliweza kuhesabu nafasi kwa kidole, na safu zikanyooka.

Kompyuta ilipoingia, herufi zilikuja na upana uliotofautiana. Aliyenyoosha safu kwa kuhesabu nafasi aliziona zikipinda. Ndipo zilipohitajika programu zilizotungwa kwa ajili ya muziki: Finale ya mwaka 1988, ambayo uendelezaji wake ulisimamishwa mwaka 2024, Sibelius ya mwaka 1993, LilyPond ya mwaka 1996, na baadaye MuseScore. Programu hizi hazihesabu nafasi. Hulifunga neno kwenye kitu kilichomo katika muziki, kama vile nota au mstari wa kipimo. Kitu hicho kikihama kwa sababu ukubwa wa karatasi umebadilishwa, neno hukifuata. Lakini neno lililosukumwa kwa mkono ili lipendeze machoni huweza kuonekana sawa leo, kisha likapotea karatasi ikipangwa upya. Aghalabu hiyo ndiyo asili ya makosa kama lile la Babati.

Hapa ndipo istilahi inapohitajika. Kitenzi "kulinganisha" hutumika pia kwa maana ya kutazama tofauti za vitu viwili. "Kusawazisha" walimu wa kwaya wamekwisha kukitumia kwa nguvu za sauti. Tunapendekeza "kulandanisha", kwa maana ya kuvifanya vitu viwili vikutane mahali pamoja. Vitu hivyo vyapasa navyo kuwa na majina. Mahali katika muziki ambapo neno limefungwa paitwe "nanga". Sehemu ya neno inayowekwa juu ya nanga iitwe "kishikio", nayo yaweza kuwa mwanzo, kati au mwisho wa neno.

Tutazame mifano mitatu. Neno la mwendo lililo mwanzoni mwa wimbo hushikwa mwanzo wake, na nanga yake ni tarakimu za mapigo. Alama ya nguvu ya sauti hushikwa katikati, na nanga yake ni nota. Agizo la kurudia kutoka mwanzo, linaloandikwa wimbo unapokoma, hushikwa mwisho wake, na nanga yake ni mstari wa mwisho. Kanuni hizi tatu zinafuatwa na wachapaji wa muziki wa nchi nyingi. Kwetu zimekosa majina tu.

Hapana shaka wako watakaosema kuwa fundi hujifunza kwa kutazama, hata bila istilahi. Ni kweli, lakini ufundi wa namna hiyo hukaa kwa mtu mmoja, naye akihama huondoka nao. Mwalimu wa Babati angaliweza kusema, "Neno hili lishikwe mwanzo, nanga yake iwe nota ya kwanza ya kipimo cha tisa," kazi ingalikwisha kwa sentensi moja, na mchapaji angaliweza kumfundisha mwenziwe.

Tunawaomba walimu wa kwaya, watunzi na wachapaji wayapime maneno haya kazini. Yakikataa kukaa vinywani mwa waimbaji, tuletewe yaliyo bora zaidi.