Braddock: historia ya mji iliyopigwa picha sebuleni

Mwaka 1875 tajiri Andrew Carnegie alifungua kiwanda cha chuma cha pua kando ya mto Monongahela, karibu na Pittsburgh, Marekani. Kiwanda hicho, Edgar Thomson, ndicho kilichoukuza mji wa Braddock. Mwaka 1889 akaujengea mji huo maktaba, ya kwanza kati ya zote alizozijenga nchini humo. Habari hizi husimuliwa sana, na ndani yake Carnegie ndiye mwenye jina. Wafanyakazi Weusi waliosimama mbele ya matanuri hutajwa kwa nadra, na wake zao na watoto wao ndio hawatajwi kabisa.

Mpiga picha LaToya Ruby Frazier alizaliwa mjini humo mwaka 1982, akalelewa na bibi yake, Ruby. Mwaka 2001 alianza kupiga picha nyeusi na nyeupe za watu wa nyumbani: bibi, mama yake mzazi Cynthia, na baba wa kambo wa bibi, mzee aliyezoeleka kwa jina la Gramps, aliyechoshwa na kazi ya kiwandani. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka 10, na mwaka 2014 ikatoka kama kitabu, *The Notion of Family*.

Wanawake watatu wa familia hiyo, LaToya akiwemo, ni enzi tatu za Braddock. Bibi Ruby, aliyezaliwa 1925, aliukuta mji umechangamka, una maduka na kazi. Sensa ya 1920 ilikuwa imehesabu wakazi zaidi ya 20,000. Cynthia alikua wakati Wazungu wakihamia vitongojini, huku ubaguzi wa nyumba na mikopo ukiwazuia majirani zao Weusi kuwafuata. LaToya alikuta viwanda vya bonde la Monongahela vikifungwa na dawa za kulevya zikiingia. Kufikia 2010 wakazi walikuwa wamebaki 2,000 na ushei.

Lakini usitarajie kuyaona hayo yote katika picha za maandamano au za milango ya kiwanda. Katika picha ya mwaka 2005, bibi na mjukuu wameketi sakafuni sebuleni, nyuma yao wanasesere aliowakusanya bibi. Uchovu, ukaidi na mapenzi vyote vimo humo. Kwa maoni yangu, picha hiyo moja inaieleza Braddock zaidi kuliko hotuba nyingi za wanasiasa waliopita pale kuomba kura.

Picha nyeusi na nyeupe za watu maskini wa Marekani zina historia yake. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja mhamaji huko California, akiwa kazini kwa serikali. Picha ikasifika duniani, na jina la mama huyo, Florence Owens Thompson, likajulikana mwaka 1978 tu. Frazier aliujua urithi huo, akaugeuza. Cynthia hakuwa mtu wa kupigwa picha tu: alichagua mikao, alishika kamera, naye akampiga picha binti yake. Ugomvi wao wa mama na binti umo, maradhi yao yamo, na hakuna mgeni aliyekuja kuwaonea huruma.

Bibi Ruby alifariki mwaka 2009. Januari 2010 hospitali ya Braddock, iliyokuwa mwajiri mkubwa mjini, ikafungwa na kampuni iliyokuwa ikiiendesha, UPMC, kisha jengo likabomolewa. Mwaka huohuo kampuni ya jinzi ya Levi's ilikuja Braddock kutengeneza matangazo ya kuwasifu wachapakazi wa mji unaoinuka upya. Frazier alijibu kwa vitendo: alikwenda New York, akavaa jinzi za Levi's na kujisugua barabarani, mbele ya duka lao la muda la picha, hadi nguo zikachanika. Akaendelea na picha za jengo la hospitali likibomolewa na za wananchi waliolipigania.

Mwaka 2015 alipata tuzo ya MacArthur, na mwaka 2024 jumba la makumbusho la MoMA, New York, likaandaa maonyesho makubwa ya kazi zake. Atakayekipata kitabu chake asitazame picha tu. Asome pia maelezo aliyoyaandika mwenyewe, kwa kuwa humo ndimo anamoitaja hospitali, kiwanda na magonjwa ya nyumbani kwao bila kumung'unya maneno.