Milki Bila Mamlaka: Simu ya Mkononi na Fundisho la Mizani ya Pamba

Kila mara chombo kipya cha uchumi kinapoingia kijijini, swali moja hurudi: Je, anayekishika ndiye anayekitawala? Leo swali hilo linahusu simu janja. Mkulima wa Kisaka, mkoani Mara, anaitumia kupokea fedha, kuuliza bei ya mifugo na kuzungumza na wanawe walioko mjini. Ameinunua kwa jasho lake. Lakini kanuni za chombo hicho zimeandikwa mbali, na ufunguo wake unashikwa na wengine. Tunataka kuonyesha kwamba hali hiyo si ngeni, na kwamba wazee wetu walikwisha kupambana nayo.

1. Ng'ombe wa kutunza na mizani ya mnunuzi

Miongoni mwa wafugaji wa Tarime na Serengeti, desturi ya kumpa mwenzio ng'ombe wa kutunza ni ya zamani. Aliyepewa alikunywa maziwa, lakini hakuwa na haki ya kumuuza. Hapakuwa na hila ndani yake. Kila mmoja alijua ng'ombe ni wa nani, na ugomvi ulipotokea wazee waliukata mbele ya wote.

Ukoloni ulileta mapatano ya namna nyingine. Katika Jimbo la Ziwa, ambalo lilijumuisha Mara ya leo, mkulima alilima pamba yake mwenyewe, akaivuna, akaibeba mpaka kwa mnunuzi. Hapo ndipo milki yake ilipofika mwisho, kwa kuwa mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyeisoma ni mnunuzi. Mkulima alikuwa na mali bila mamlaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa jimbo hilo, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, hawakuishia kulalamikia bei. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ijulikane uzito wake kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Ukombozi wa mkulima wa pamba ulianza siku alipodai haki ya kuisoma mizani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililipanua fundisho hilo: njia kuu za uchumi, mawasiliano yakiwamo, ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi.

2. Wenye funguo ni nani?

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, simu za nchi yetu zilikuwa chini ya shirika la umma la Posta na Simu. Zilikuwa chache, na vijiji vingi havikuziona kabisa. Lakini mwenye mtambo alijulikana. Simu za mkononi zilipoanza mwaka 1994, chombo kikawa cha mtu binafsi, na mamlaka juu yake yakagawanyika.

Ufunguo wa kwanza unashikwa na mtengenezaji. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba programu zake zilipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Ilisema nia ilikuwa kuzuia simu zisizimike ghafla. Lakini wenye simu hawakuwa wameelezwa, na mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25. Hata wakubwa wanaweza kunyimwa ufunguo. Mwezi Mei 2019 Marekani iliiwekea vikwazo Huawei ya China, na simu mpya za kampuni hiyo zikakosa huduma za Google. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliweza kufungiwa mlango, mkulima wa Kisaka ana kinga gani?

Ufunguo wa pili unashikwa na mkopeshaji. Mwaka 2020, ng'ambo ya mpaka wetu wa Sirari, Safaricom ya Kenya pamoja na Google walianza kutoa simu kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Anayechelewa kulipa, simu yake hufungwa kutoka mbali. Mpango huo umewapatia wengi simu ambayo wasingeweza kuinunua. Lakini mdai wa zamani alilazimika kufika mlangoni na kusikia udhuru wa mdaiwa. Huyu wa leo hafiki, wala hasikii.

Ufunguo wa tatu unashikwa na dola. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini kote. Sababu zilikuwa za msingi: kulinda afya na usalama wa watumiaji na kupambana na wizi. Tangazo lilitolewa miezi kadhaa mapema, na wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# ili waijue namba ya simu zao. Hata hivyo uchambuzi wa kitabaka hauna budi kuuliza: hasara ilimwangukia nani? Ilimwangukia mnunuzi wa mwisho, aliyelipa kwa nia njema, wakati aliyeingiza bidhaa alikuwa amekwisha kupata faida yake.

3. Kazi iliyo mbele yetu

Wako wanaosema nchi maskini haina la kufanya. Historia ya pamba inawakanusha. Ulaya nayo imeonyesha kwamba sheria ina nguvu: tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa huko lazima zihakikishiwe programu mpya kwa miaka isiyopungua mitano. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini taarifa ni sehemu tu ya suala hili.

Yapo mambo matatu ya kudai. Kwanza, muuzaji amweleze mnunuzi, kwa Kiswahili na kabla ya kulipwa, nani anaweza kuifunga simu hiyo na kwa sababu gani. Pili, bidhaa mbovu ikizimwa, gharama imrudie aliyeiingiza. Tatu, vijana mafundi wapewe vipuri, maelezo na haki ya kuzifungua simu na kuzitengeneza.

Makada na wanafunzi wanapokwenda vijijini, wasiishie kuhesabu simu na kuziita maendeleo. Waulize pia nani anasoma mizani. Mpaka mkulima aweze kujibu kwamba ni yeye, simu iliyo mfukoni mwake itabaki kama ng'ombe wa kutunza, ila huyu amemlipia.