Malezi ya lugha na hesabu nyumbani (Tarime na Serengeti)

Malezi ya lugha na hesabu nyumbani ni namna wazazi, ndugu na walezi wengine wanavyomsaidia mtoto mdogo kuelewa maneno, kuongea na kutambua idadi kabla hajaanza shule. Makala hii inahusu hasa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kaskazini mwa Tanzania. Huko watoto wengi huanza kuongea kwa Kikuria, Kiikoma, Kingoreme au lugha nyingine ya nyumbani, kisha hufundishwa kwa Kiswahili wanapoingia darasani.

Malezi hayo hayahitaji ubao wala vifaa vya kununua. Msingi wake ni mazungumzo kati ya mtoto na watu wanaompenda, katika lugha wanayoimudu vizuri.

Lugha za eneo

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka: Tarime na Serengeti kwa upande wa Tanzania, na kaunti ya Migori kwa upande wa Kenya. Katika wilaya ya Serengeti, ambayo makao makuu yake ni Mugumu, wako pia Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme. Lugha zao zote ni za Kibantu, kama Kiswahili. Katika miji ya Tarime, Sirari na Mugumu, na katika eneo la Nyamongo penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, wamehamia watu wa makabila mengi. Kwa hiyo huko Kiswahili husikika zaidi hata majumbani.

Kikuria kina irabu saba, wakati Kiswahili kina tano. Tena ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Mtoto wa Kikuria huyapata hayo yote kwa kusikiliza tu, bila kufundishwa kanuni. Vilevile hujifunza mapema kwamba mwanzo wa neno unaonyesha umoja au wingi: Omokuria ni mtu mmoja, Abakuria ni wengi. Ujuzi huo haupotei anapofika kwenye Kiswahili, kwa sababu Mkuria na Wakuria hufuata utaratibu uleule.

Nyumbani na shuleni

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Nchini Kenya sera ni tofauti: madarasa ya chini yanatakiwa kutumia lugha ya eneo husika. Hivyo watoto wawili wanaozungumza Kikuria kilekile, mmoja Sirari na mwingine Isebania ng'ambo ya mpaka, wanaweza kupokelewa shuleni kwa namna mbili.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilielekeza elimu ya awali itolewe kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zinazojulikana kama KKK. Kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali, na watoto wengi zaidi wakaandikishwa.

Mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 2014 hadi 2020. Mpango huo uliendesha mafunzo ya muda mfupi ya kuwaandaa watoto kuanza shule, kwa kutumia hadithi na michezo ya Kiswahili, chini ya wasaidizi waliotoka katika jamii yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), inayohusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi ya lugha na hesabu yanagusa hasa nguzo ya tatu na ya nne.

Hatua za kujifunza kuongea

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Kwa kawaida hatua zinazofuata ni hizi, ingawa watoto hutofautiana:

- Miezi 2 hadi 4: hutoa sauti za kufurahi na kumtazama anayemsemesha.
- Miezi 6 hadi 9: hurudiarudia silabi kama ba-ba na ma-ma, na kugeuka akisikia jina lake.
- Miezi 9 hadi 12: hunyoosha kidole ili kuonyesha anachotaka, na huelewa maneno kadhaa kabla ya kuweza kuyatamka.
- Karibu mwaka 1: hutamka maneno ya kwanza yenye maana.
- Miezi 18 hadi 24: huunganisha maneno mawili.
- Miaka 3: hutumia sentensi fupi na kuuliza maswali mengi.

Kunyoosha kidole ni hatua kubwa. Mtoto anayemwonyesha bibi yake kuku anauliza swali bila maneno. Bibi akijibu, "Ndiyo, ni kuku, anakula mtama," mtoto amepata jina la kitu, tendo na sentensi kamili kwa wakati mmoja.

Nafasi ya kaka, dada na bibi

Robert LeVine na wenzake walifanya utafiti miongoni mwa Wagusii wa Kenya, ambao lugha yao ina undugu wa karibu na Kikuria. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika kitabu Child Care and Culture: Lessons from Africa. Waliona kwamba akina mama wa Kigusii waliwabeba watoto wachanga, waliwanyonyesha na kuwatuliza haraka walipolia, lakini hawakuzungumza nao sana kama walivyofanya akina mama wa mjini Boston, Marekani. Sehemu kubwa ya maneno mtoto aliyapata kwa kaka na dada zake na kwa kutumwa kazi ndogondogo.

Hilo halina maana kwamba malezi ya namna hiyo ni mabovu. Linaonyesha kwamba katika familia kubwa walimu wa lugha ni wengi. Hata hivyo mambo yamebadilika: kaka na dada wa miaka 7 au 10 sasa wako shuleni mchana, na mtoto mdogo anaweza kubaki na mtu mmoja mwenye shughuli nyingi. Pengo hilo huzibwa mtu mzima aliyebaki naye anapoongea naye kwa makusudi, na watoto wakubwa wanapocheza naye na kumsimulia hadithi jioni.

Hatua za kujifunza kuhesabu

Kutaja namba na kuhesabu si jambo moja. Mtoto wa miaka miwili anaweza kuimba "moja, mbili, tatu" mpaka kumi, lakini akiombwa kuleta viazi vitatu akaleta gao zima. Rochel Gelman na C. R. Gallistel, katika kitabu chao cha mwaka 1978, walieleza kanuni ambazo mtoto hana budi kuzimudu. Tatu kati yake ni hizi: kila kitu kipewe namba moja tu, namba zifuate mpangilio usiobadilika, na namba ya mwisho iliyotajwa ndiyo idadi ya vitu vyote.

Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia Karen Wynn alionyesha kwamba watoto huelewa maana ya namba hatua kwa hatua. Kwanza huelewa moja tu, baada ya miezi kadhaa mbili, kisha tatu. Baada ya hapo, mara nyingi katika umri wa miaka mitatu na nusu hadi minne, hutambua jinsi kuhesabu kunavyofanya kazi kwa namba zote wanazozijua. Kwa hiyo ni afadhali mtoto wa miaka mitatu ajue kwa hakika maana ya "tatu" kuliko kukariri mpaka hamsini.

Lugha nayo ina mchango wake. Katika Kiswahili namba moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika kulingana na ngeli: watoto wawili, viazi viwili, mayai mawili, ndizi mbili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtoto anahitaji kusikia mifano mingi ili ajue kwamba wawili, viwili na mbili ni idadi ileile. Kwa upande mwingine, kumi na moja na kumi na mbili hujieleza zenyewe, jambo linalorahisisha kuelewa makumi na mamoja. Namba sita, saba na tisa zilitoka katika Kiarabu. Neno la zamani la Kiswahili kwa tisa ni kenda, lenye asili ya Kibantu.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa mwiko kuhesabu watoto au ng'ombe kwa kuwanyooshea kidole. Mchungaji aliwajua ng'ombe wake kwa rangi, pembe na tabia, akabaini mara moja aliyekosekana. Kulinganisha kimoja kwa kimoja namna hiyo nako ni msingi wa hesabu. Familia inayoheshimu mwiko huo inaweza kutumia mahindi, vijiti au mawe.

Lugha ipi itumike

Baadhi ya wazazi huacha kuongea Kikuria au Kingoreme na watoto wao wakidhani kwamba kitawachelewesha shuleni. Mzazi ambaye Kiswahili chake ni kidogo hubaki na amri chache tu: njoo, kaa, acha, kula. Mtoto hukosa hadithi, maelezo, majina ya vitu na mazungumzo marefu ambayo mzazi angeyatoa kwa lugha yake.

Watoto wana uwezo wa kujifunza lugha mbili tangu utotoni. Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja ni jambo la kawaida, wala si ugonjwa. Mtoto anayeelewa "kubwa kuliko", "jana" na "nusu" katika lugha ya nyumbani hubakiwa na kazi ya kupata jina jipya la wazo analolijua tayari. Asiyelijua wazo hilo katika lugha yoyote ana kazi mbili. Kiswahili kinaweza kuongezwa kupitia jirani, nyimbo, redio na ndugu wanaosoma, bila kuifukuza lugha ya mama.

Shughuli za kila siku

- Kuogesha na kuvisha: kutaja viungo vya mwili, mkono mmoja, mikono miwili.
- Jikoni: kupanga sahani, moja kwa kila mtu, na kuuliza kama zimetosha.
- Kupukuchua mahindi: kutenganisha magunzi makubwa na madogo, kisha kuhesabu machache. Mtoto asiachwe peke yake na punje, kwani zinaweza kumkaba.
- Sokoni: kulinganisha mafungu ya nyanya, na kuona kwamba debe hujaa zaidi kuliko sado.
- Njiani: kusimulia kinachoonekana na kungoja mtoto ajibu, hata kwa sauti tu.
- Jioni: hadithi, vitendawili na nyimbo za vidole. Watoto wakubwa hucheza mdako, na wadogo hujifunza kwa kutazama.

Mtoto akikosea neno, humsaidia zaidi kulisikia likisemwa sawasawa kuliko kuchekwa. Kikuria, kwa mfano, hakitenganishi r na l kama Kiswahili, mtoto akisema "kurara", mlezi anaweza kujibu, "Haya, twende kulala."

Changamoto

Akina mama wengi hubeba kazi za shamba, maji na kuni, na baba wengi huona mtoto mchanga si wajibu wao. Vitabu vya watoto katika lugha za eneo ni vichache. Vya Kiswahili vimeongezwa tangu mwaka 1991 na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Simu na televisheni hazichukui nafasi ya mazungumzo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto chini ya miaka miwili wasikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku.

Mtoto anapaswa kupelekwa kituo cha afya ikiwa hashtuki kwa kelele, hatoi silabi wala kuonyesha kwa kidole akiwa na mwaka mmoja, hana neno lolote akiwa na miezi 18, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Masikio yanayotoa usaha yatibiwe mapema, kwa kuwa usikivu ukipungua lugha huchelewa. Siku ya kliniki, anapopimwa uzito, ni nafasi nzuri ya kuuliza.

Tazama pia

- Wakuria
- Kikuria
- Mkoa wa Mara
- Elimu ya awali
- Lugha mama