Bwana na bibi wakiachana, mtoto ni wa nani? Safari ya ulizo moja tangu enzi za mababu

Leo tunagusa jambo ambalo liko katika nyumba nyingi za hapa Kivu, lakini watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Bwana na bibi wanapoachana, wazee hukaa, mahari huhesabiwa, vyombo hugawanywa. Kisha mtu mmoja huuliza: na watoto, ni wa nani? Ulizo hilo ni la zamani. Kila enzi imelijibu kwa namna yake, na majibu ya zamani bado yanaishi kati yetu, hata kati ya wale waliokimbia vita na kuacha kila kitu nyuma.

Jibu la mababu

Bashi, Bahavu, Bahunde, Banande, Barega na wengine wengi wa upande wetu wanahesabu ukoo kwa baba. Mahari, ikiwa ni ng'ombe kwa Bashi ao mbuzi kwa Banande, haikuwa bei ya mwanamke. Ilikuwa ushuhuda wa mapatano kati ya jamaa mbili, na ndiyo iliyoonyesha watoto watahesabiwa upande gani. Mahari ikitolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Isipotolewa, wajomba waliweza kudai kwamba mtoto ni wao. Lakini tusifikiri kwamba hiyo ndiyo desturi ya Wakongomani wote. Magharibi mwa nchi, kwa Bakongo, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kubwa.

Desturi yetu ilikuwa na ukali wake. Mama alirudi kwao mikono mitupu. Mtoto anayenyonya aliachwa naye kwa muda, kisha akikua kidogo alirudishwa kwa baba. Hakuna aliyemuuliza mtoto anataka nini.

Hata hivyo, desturi hiyo hiyo ilikuwa na kinga zake. Kuachana kulimaanisha kurudisha mahari, na mara nyingi ng'ombe wale walikuwa wamekwisha kutolewa kwa ndoa ya kaka wa bibi. Kwa hiyo wazee wa pande zote mbili walikuwa na sababu ya kupatanisha kabla ya kuvunja. Na kama ndoa ilivunjika, mtoto aliingia katika lupango lenye nyanya, shangazi na baba wadogo. Kijiji cha mama mara nyingi hakikuwa mbali, mtoto aliweza kufika kwa miguu. Alipoteza nyumba moja, lakini hakupoteza watu wote.

Enzi za Wabelgiji

Mwaka 1895, Congo ikiwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, iliandikwa sheria juu ya watu na jamaa. Ilikuwa hasa kwa Wazungu. Waafrika wengi waliachwa chini ya desturi zao. Ubelgiji ilichukua nchi mwaka 1908, na dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ikapanga tribinali za wenyeji, ambamo kesi za ndoa na za watoto zilikatwa kufuatana na desturi.

Mamisionere nao walileta ndoa ya kanisa, ambayo kwa Wakatoliki haivunjwi. Kisha dekreti ya mwaka 1950 ikakataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Kwenye karatasi jambo lilikwisha. Katika maisha, wanawake walioolewa hivyo waliendelea kuwapo, na watoto wao pia, bila serikali kuwatambua sawasawa.

Kazi pia ilibadilisha jamaa. Kule Katanga, tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ilianza kuwataka wafanyakazi wake waishi na bibi na watoto katika kambi za kazi, wakipewa nyumba, posho na shule. Lakini nyumba ilifuata kazi ya bwana. Wakiachana, mama hakuwa na pa kulala, na wazee wa kupatanisha walikuwa mbali sana. Hapo watoto wa mjini walianza kuonja talaka bila lupango la kuwapokea.

Sheria yabadilisha ulizo

Baada ya uhuru, nchi ilikaa zaidi ya miaka 25 kabla ya kuwa na sheria moja ya jamaa kwa wote. Ndiyo Kanuni ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilibakiza mahari, lakini ilisema mambo matatu ambayo wengi wetu hatujayashika hadi leo.

La kwanza, talaka inatolewa na tribinali tu. Kurudisha mbuzi mbele ya wazee hakuvunji ndoa iliyoandikwa serikalini, na muamuzi anapaswa kujaribu kwanza kuwapatanisha wawili. La pili, kila mtoto Mkongomani anapaswa kuwa na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa ao inje. La tatu, mtoto akipewa kulelewa na mmoja, wazazi wote wawili wanabaki na daraka la kumtunza na kumsomesha, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Congo ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto ikaongeza kwamba mtoto mwenye kufahamu ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Tarehe 15 Julai 2016 Kanuni ya Jamaa ilirekebishwa: umri wa ndoa ukawa miaka 18 kwa wote, na siku za kuandikisha mtoto aliyezaliwa zikatoka 30 zikawa 90.

Tazameni mabadiliko hayo. Mababu waliuliza mtoto ni wa nani. Sheria inauliza ni nini kitamfaa mtoto.

Vita vyaleta mambo mapya

Tangu 1996 vita vimetuhamisha mara nyingi. Waliokaa Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala mpaka kambi zilipofungwa mwanzoni mwa 2025 wanajua namna jamaa ilivyopasuka. Baba amebaki Masisi kulinda shamba, ao amekwenda kutafuta kazi na kuoa mwingine. Mama yuko na watoto kwa mtu aliyewakaribisha. Hawakuachana mbele ya wazee wala mbele ya muamuzi. Waliachana kidogo kidogo, simu ikiacha kuitika.

Mtoto wa namna hiyo yuko katikati. Desturi inasema ni wa baba, lakini baba hayupo, na mama wa kambo ana watoto wake wa kulisha. Sheria ingemlinda, lakini cheti cha kuzaliwa kiliungua ao hakikuandikwa kamwe. Wakati mwingine anaitwa mchawi kwa sababu tangu afike, nyumba haina amani. Kumshitaki mtoto hivyo ni kosa ambalo sheria ya 2009 inaliadhibu.

Dalili za huzuni yake tunaziona bila kuzielewa: mtoto mkubwa anaanza tena kukojoa kitandani, anashindwa shuleni, anapigana, ao anakuwa mtulivu kupita kiasi. Wengi hudhani wao ndio waliosababisha wazazi kuachana.

Ni nini kinasaidia?

Historia yetu yenyewe inajibu. Kutoka kwa mababu tuchukue lupango: nyanya, shangazi na wajomba wa pande zote mbili waendelee kumjua mtoto, hata kama bwana na bibi hawasemezani. Kutoka kwa sheria tuchukue daraka la wawili: baba asiseme mahari nilitoa basi yamekwisha, mama naye asimfiche mtoto ili kumwadhibu baba.

Mwambieni mtoto ukweli kwa maneno madogo, na mumwambie kwamba si kosa lake. Msimtume kuwa mjumbe wa matusi. Msimtukane baba ao mama yake mbele yake. Shule yake isibadilishwe kama kuna njia ya kuepuka. Na kama hana cheti, ulizeni kwenye ofisi ya serikali ama kwenye tribinali ya watoto, maana hata siku 90 zikiisha, hukumu inaweza kumpatia.

Ndoa inaweza kufa. Ubaba na umama haufi pamoja nayo. Wazee watakapokaa tena kuhesabu mbuzi, waanze kwanza kwa kumwita mtoto, wamkalishe karibu, na wamuulize amelala wapi usiku wa jana na kama amekula.